Mitoki ya Wifi Yangu

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Siku zake za mapumziko huja kwetu Msambweni. Mara hii, alipoinama kunikunia nazi, niliona mitoki miwili shingoni mwake, tezi zimevimba kama matunda ya kunazi.

"Hiyo imeanza lini?"

"Mwezi jana. Usitie hofu, wifi. Ni kinga ya mwili imejaa."

Ndipo akanieleza. Alikuwa ameacha vidonge vyake vya virusi vya Ukimwi, alivyovimeza miaka yote bila kukosa, akahamia unga wa mlonge unaouzwa Ukunda. Muuzaji alimwambia vidonge vinachosha mwili, ila unga huongeza askari wa mwili, na askari wakiwa wengi virusi vitakwisha.

Sikumgombeza. Mlonge ni mboga nzuri, hata mimi naupika. Nilimuuliza habari za kazini: chumba kikipatikana na kunguni, mashuka hufanywaje?

"Unayafunga kwenye mfuko mle mle chumbani. Ukiyatia kwenye toroli, umewabeba kunguni mpaka londri, na kule yako mashuka ya hoteli nzima."

"Na anayesukuma toroli ana nia mbaya?"

"Nia gani? Anafanya kazi yake."

Basi nikamwambia kwamba baadhi ya chembe za kinga hufanya kazi kama toroli ile. Hukaa kwenye ngozi na sehemu laini za mwili. Zikikuta kijidudu kigeni hukikamata na kukipeleka kwenye tezi za shingoni, kwapani na kinenani, ziwaonyeshe wenzao. Vijidudu vingi huishia hapo. Virusi hivi vinaweza kunusurika safarini, vikafika penye mkusanyiko wa chembe zile zile vinazozitafuta. Huziingia, huzaliana ndani yake, na chembe ikigusana na jirani yake huvipitisha. Kuongeza askari peke yake hakuvimalizi. Vidonge ndivyo vinavyozuia kuzaliana. Virusi vingine hubaki vimejificha katika chembe zilizolala, ndiyo maana mtu akiacha dawa, virusi hurudi.

Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikalia.

"Kwa hiyo mwili wangu unanisaliti."

"Haukusaliti. Unajitahidi kwa njia unayoijua. Usaidie."

"Wewe ungekuwa mwalimu, wifi, ungewachosha watoto wa watu." Kisha kwa sauti ndogo: "Kliniki watanigombeza."

Kumbe hilo ndilo lililomkalia moyoni. Nikamwambia tutakwenda pamoja.

Asubuhi yake, kule kliniki, muuguzi, mama wa makamo kutoka bara, alimpapasa shingo taratibu, akamuuliza aliacha dawa lini. Wifi alinitazama. Mimi nikatazama mlango. Akaitaja mwenyewe miezi yote aliyoacha, bila kupunguza hata mmoja.

Muuguzi akasogeza kiti karibu. "Umefanya vizuri kurudi, mama. Leo tutapima damu, tuichunguze na hiyo mitoki, halafu tuanze tena."

Wifi akapandisha mkono wa buibui, akanyosha mkono wake atolewe damu.