Bado Natuma, Usizime

Asubuhi hii ofisini chai inapoa, hakuna anayeigusa. Wote wanaikodolea macho simu ya Dada Maneno kama chungu kinachokaribia kufurika.

Dada Maneno ni jina la utani. Programu ya ofisi yao, ya kutuma mafaili, haina picha wala vitufe: skrini nyeusi, unaandika amri, unaituma, unasubiri. Yale maneno yanayotokea ukisubiri, yeye ndiye anayeyaandika.

"Watu wananiuliza, hiyo nayo kazi?" anacheka. "Nawaambia, kaa na mtu anayeshughulikia jambo lako kimya kimya, hakwambii kafika wapi. Utamvumilia?"

Mzee wa Masjala, mtunza kumbukumbu wa hospitali moja inayotumia programu hiyo, hakuvumilia. Kila akituma mafaili ya wagonjwa makao makuu, skrini ilikaa kimya tuli. Yeye akajua mashine imekata roho, anachomoa waya! Mafaili yanakatikia njiani. Anaanza upya, anachomoa tena.

Hospitali ikachoka. Toleo jipya la programu likishindwa leo, wanahamia kwingine, na kibarua cha Dada Maneno kinaota nyasi.

Basi akaandika ujumbe wa kujaza ukimya huo. Ana mtindo wake: kila ujumbe anamsomea mama yake mdogo, fundi cherehani, kisha anamuuliza, "Sasa utafanya nini?" Mama mdogo akisita tu, ujumbe unafutwa.

"Nikamsomea, 'Mchakato unaendelea.' Akasema, 'Mwanangu, unaendelea kwenda wapi? Nizime au nisizime?' Nikafuta palepale. Nikaandika, 'Bado natuma. Usizime.'"

Simu inaita. Mkuu wa ofisi anajishika kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti! Mashine yako leo ina adabu!" Sauti ya Mzee wa Masjala inafika mpaka mlangoni. "Imesema nisizime, nikatii. Sasa imemaliza, ila imenitajia faili moja lililokwama, ikasema nilitume hilo tu. Nimetuma, limefika!"

"Na waya, mzee?"

"Uko ukutani! Nyumbani kwangu kwenyewe sielezwi vizuri hivi."

Ofisi inalipuka. Mkuu, aliyenuna wiki nzima, anapiga meza kama ngoma.

Dada Maneno kesharudi kwenye skrini nyeusi. Anausaka ujumbe anaouchukia kuliko zote: "Hitilafu 17."

"Mtu kakosea neno la siri tu, unamtisha na namba? Huu nauandika leo leo," anasema. "Halafu nyingine zote, moja moja. Nataka mtu akikwama asione aibu. Asome, acheke akitaka, aendelee na kazi yake."