Sweta Lenye Sura ya Mtu

Kuna siku moja ya baridi kali nisiyoisahau, mwanangu. Nimeikumbuka tena jana, ulipokuja na ile jezi ya timu yenu yenye kichwa cha mtu aliyevaa manyoya ya tai, ukaniambia ni picha tu.

Nilikuwa msichana, mgeni hapa Minnesota, nasoma huku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee kule Maplewood. Sikuwa na ndugu wala rafiki. Kilichoniumiza zaidi, utacheka, ni kukosa mtu wa kumwamkia. Basi nikawa namwamkia babu mmoja niliyekuwa nikimwogesha, Mwojibwe, mwenyeji wa asili wa nchi hii. Nikamfundisha kuitikia. Kila asubuhi nikisema shikamoo, naye anasema marahaba, na siku yangu inakwenda.

Asubuhi hiyo nilivaa sweta zito la mtumba, lenye sura nyekundu inayocheka, manyoya kichwani, kama wanavyochorwa kwa mzaha watu wa kwao. Nililinunua kwa ajili yake, nikidhani atafurahi. Nikamwamkia. Badala ya marahaba, akalitazama sweta. Kwa ujinga wangu nikalinyoosha kifuani alione vizuri, nikamwambia, "Babu, leo nimekuvaa wewe."



"Huyo si mimi," akasema. "Mwaka mzima nakuitikia kwa lugha yenu. Wewe hujaniuliza hata siku moja kwetu tunasalimianaje."

Akageukia ukutani. Niliona aibu, mwanangu, nikatamani kuingia chini ya kitanda chake. Nikalivua, nikamaliza shifti nikiwa na fulana tu, natetemeka kwa baridi. Nilipanga kumuuliza kesho yake.

Kesho yake nilikuta kitanda kimetandikwa. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, akampeleka kwao kaskazini. Nikasema shikamoo mle chumbani, peke yangu kama mwehu, kisha nikalia. Salamu ya kwao nimekuja kuijua baadaye, kwa watu wengine. Yeye sikuwahi kumpa.

Sasa nisikilize. Ukitaka kumheshimu mtu, usimvae kifuani. Kaa naye, muulize jina lake na la watu wake, kisha usubiri akujibu. Jezi hiyo mrudishie kocha, umweleze kwa adabu, hata wenzako wakikucheka. Najua kuchekwa kunauma ukiwa huna wa upande wako, lakini kunapita.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde, na popote utakapoishi asikunyime mtu wa kuitikia salamu yako.