Kreti Mbili za Jimbo Jipya

Nilizifungua chupa zote za bia kabla wazee hawajafika. Huo ndio ujinga wangu, na huenda ndio uliomkosesha mjomba wangu ubunge.

Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na Kigali nzima ilikuwa ikibishana vibarazani. Tukasikia kwamba vilima vya kwao mama, huko nje ya mji, vimefanywa jimbo jipya. Mjomba, aliyeuza vitambaa Nyamirambo miaka mingi, akakumbuka ghafla kwamba yeye ni mtoto wa shamba.

"Twende, mpwa wangu. Wewe umesoma sekondari, utanipamba."

Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kicukiro, humo humo mjini, na hata huko nilirudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini karo alinilipia Mjomba, ningesema nini? Nikapanda pikapu, nikakalia kreti mbili za bia, kila jiwe la njiani likinisalimia makalioni.

Mpango ulikuwa rahisi: wazee wa kilima waje uani kwa marehemu babu, wanywe, wamsikilize Mjomba, wamkubali. Wasipomkubali wao, basi tena, arudi kwenye vitambaa vyake. Mimi nilipewa kazi ya vinywaji tu.

Sasa nyumbani kwetu pombe haiingii. Ninachokijua ni chai, na chai humiminwa jikoni ikaletwa tayari. Nikajificha nyuma ya nyumba, nikang'oa vizibo vyote ili hotuba isikatizwe. Wazee walipoketi nikazipanga chupa mbele yao kama askari wa gwaride, nikasimama kungoja sifa.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Chupa ziko wazi," akasema mzee mmoja. "Nani amefungua?"

"Mimi, mzee."

"Ulikuwa unatafuta nini ndani?"

Mjomba akanivuta kando. "Wewe! Huku bia inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Ikifunguliwa kwa siri, watu wanajiuliza umetia nini!"

"Sasa tufanyeje?"

"Nionje, kabla hawajaondoka na jimbo langu."

Desturi ni hiyo, mwenye bia huonja kwanza. Lakini wazee hawakutaka aguse kwa ncha ya ulimi. Kila mmoja alitaka kuona koo likicheza.

"Hiyo umeilamba tu, mheshimiwa! Rudia!"

Akarudia. Akahamia chupa nyingine, akarudia tena. Kreti ya pili ilipofikiwa, Mjomba alikuwa akimwita kila mtu shemeji. Hotuba ya barabara na maji ikageuka wimbo wa kuchungia ng'ombe, wazee wakaitikia kwa makofi, kisha mgombea wetu akakalia kreti tupu, akalala mdomo wazi.

Hapo ndipo wazee walipokunywa kwa mioyo myeupe, wakicheka mpaka machozi. Nami nikajiambia, wamempenda, jimbo letu hili! Nikamwinamia bibi mmoja, jirani wa boma lile, aliyemjua Mjomba tangu hajaanza kuvaa suruali.

"Bibi, mtamchagua?"

Bibi akamtazama yule aliyekuwa akikoroma, akazitazama chupa, akanitazama mimi.

"Huyu amekunywa kwenye chupa ya kila mmoja wetu na bado hajawa mbunge. Akishakuwa, atatuachia hata kizibo?"