Daraja Lililokatazwa Magari

Hapa Najma, mtaa wa ugenini ninakoishi, wanapaka geti rangi ya kuzuia kutu, na harufu yake imenirudisha kwenye daraja la mto wa kwetu. Lilikuwa limezeeka, vyuma vyake vikinuka rangi hiyo hiyo, magari yamekatazwa kupita. Mama aliposhikwa na uchungu, dereva alitushusha mwanzoni mwa daraja. Baba akambeba mikononi. Mimi nilishika ncha ya leso ya Mama, mbao zikitikisika juu ya maji mekundu.

"Baba watoto, nishushe kidogo nipumue," Mama alisema tulipofika katikati.

"Vumilia, zahanati ile pale."

Kichwa cha Mama kikalala begani mwa Baba. Ng'ambo muuguzi aliyetoka kutupokea alimgusa Mama shingoni kutafuta mapigo, akamwambia Baba amlaze chini. Baba alitikisa kichwa, akaendelea kutembea naye hadi zahanati. Hakuna aliyemzuia.