TV ilivyonipa ubaba wa mpwa wangu kwenye mashindano ya roboti

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye bando na mnaosomea Wi-Fi ya ofisi.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu. Mtangazaji wa kike kashika maiki, mdomo wazi, bibi mmoja anaongea na kamera, halafu ghafla linaingia tangazo la sabuni. Wengine mmeshaitengenezea stika. Kuna mtaalamu humu kaandika kabisa kwamba yule bibi alikuwa amelewa.

Yule jamaa wa suti ya kijani anayeonekana nyuma kainamisha kichwa ni mimi.

Nimekaa kimya nikasoma mnavyojitungia, sasa naweka mambo yalivyokuwa. Chumvi siwezi kuongeza, maana mpwa wangu anasoma humu kwa simu ya mama yake, na yule mtoto hana huruma na mtu anayekosea.

Mimi ni mzaliwa wa Machochwe, Serengeti. Nipo Nyamongo nauza spea za pikipiki. Dada yangu Ghati ameolewa Genkuru. Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo TV nzima na vyuo vyao walipopotelea.

Ghati ameolewa na mwanamke.

Tulieni, msikimbilie kwenye comments. Ni mila yetu Wakurya, inaitwa nyumba ntobhu. Mama mwenye mji wake, yaani boma lake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanabeba jina la nyumba hiyo. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Mwanaume aliyesaidia kuwapata hahesabiki, na huu uzi haumhusu.

Aliyemuoa dada yangu anaitwa Nyangi, mjane, mtu mzima sana. Mimi namwita Mama, watoto wote wa pale kijijini wanamwita Bibi. Anatembea na fimbo ambayo haina kazi yoyote ya kumsaidia kutembea.

Mtoto wa nyumba hiyo ni mmoja tu, binti anaitwa Robi, yuko kidato cha tatu.

Sasa huko shuleni wakaanzisha klabu ya roboti. Robi na wenzake wawili wakaunda kigari cha betri chenye sensor chini. Kinafuata mstari mweusi kwenye ubao, kinabeba viboksi, kinavipeleka sehemu waliyoiita ghala. Wakakipa jina la Ndama, kwa sababu kinaufuata ule mstari kama ndama nyuma ya mama yake.

Bibi aliposikia kuna kitu kinatembea bila kuchapwa, akasema kiletwe akione. Kikaletwa, kikazunguka uani, kuku wakatawanyika. Akauliza kinakula nini. Akaambiwa betri. Akasema basi hata yeye anaweza kukifuga.

Ndama akashinda mkoani, akaitwa fainali Mwanza, tena fainali ya kurushwa mubashara. Na kabla ya fainali, kituo cha TV (sikitaji, nina familia) kikaamua kuja kutengeneza makala ya kila timu, waone watoto wanakotoka.

Wakafika Genkuru na gari safi, kamera, taa, na mtangazaji dada mrembo sana. Swali la kwanza kabisa, kabla hata ya kukaribishwa kiti: baba yuko wapi?

Bibi akajibu kwamba ni yeye.

Wakuu, walicheka. Siyo kwa ubaya, walicheka kama mnavyomcheka mzee aliyechangamka. Nikajaribu kuwaeleza hiyo mila niliyowaeleza hapo juu. Producer, kijana wa kofia, akanisikiliza kwa heshima zote halafu akasema hiyo itawachanganya watazamaji. Watazamaji wanataka baba. Akanitazama toka juu hadi chini, akaona nina umri unaofaa.

Nikamwambia mimi ni mjomba, kaka wa mama yake. Akasema mjomba, baba, si damu ileile, halafu akaniahidi kwamba kwenye maandishi wataweka "mzazi" tu. Na mimi kwa akili zangu nikaona mzazi haina shida, mtu yeyote mzima ni mzazi.

Wakaniweka kwenye kiti. Wakataka nimkumbatie Robi nilie. Mimi. Mwanaume wa Machochwe, nilie mbele ya mkwe. Nikagoma. Wakanipaka ile dawa ya mafua chini ya macho, na hapo machozi yakatoka hata niliyokuwa nimeyaweka akiba ya misiba ijayo.

Bibi wakamwambia akae pembeni apepete ulezi, eti picha iwe na uhai. Akawaambia ulezi haujavunwa. Wakasema apepete tu. Basi mama wa watu akapepeta ungo mtupu kwa heshima ya wageni, akinitazama mimi muda wote.

Dada yangu hawakumrekodi kabisa. Alikuwa jikoni anawapikia wao.

Siku ya kurushwa nikawaalika ndugu wote kwa jirani yangu Nyamongo mwenye mgahawa na TV kubwa. Bibi kaja na fimbo, Ghati kaja, Robi kaja na sare ya shule, wateja wangu wa bodaboda wamejaa hadi mlangoni.

Makala ikaanza vizuri. Mlima, ng'ombe, jua linachomoza. Ndama anazunguka. Halafu nikatokea mimi nalia, na chini yangu maandishi makubwa: BABA MZAZI WA ROBI. Sauti nzito ikasema huyu ndiye shujaa aliyemlea binti yake peke yake.

Peke yake. Ghati yupo hapo na sahani ya ugali mkononi.

Kisha kamera ikampitia Bibi na ungo wake. Maandishi: JIRANI.

Wasio wa kwetu labda hamjaona tatizo. Ngoja niseme wazi. Mimi ni kaka wa Ghati, tumbo moja. Ukitangaza nchi nzima kwamba mimi ndiye baba mzazi wa mtoto wa Ghati, umetangaza nini? Haya.

Kwetu hilo si kosa la uchapaji. Hilo ni la kuchinjiwa mbuzi na kutakaswa. Mke wangu akaweka soda chini, akaondoka. Wale bodaboda walioanza kucheka waliona fimbo ya Bibi, wakaahirisha.

Kesho yake nikapiga simu kituoni. Nikapokelewa na sauti tamu, ikaniambia makala imependwa sana, watu wameguswa na machozi yangu. Kuhusu marekebisho, wataangalia. Wakuu, "tutaangalia" ya TV na "kesho" ya fundi cherehani ni ndugu wa damu kabisa, hao ndio wangewaandikia baba mzazi.

Nacheka sasa, lakini siku zile sikuwa nacheka.

Maana kuna mtu anaitwa Marwa, mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Bibi. Huyu miaka yote amelikodolea macho shamba la Bibi, si mnajua ardhi ya karibu na mgodi wa dhahabu ilivyo na wapenzi. Kilichomzuia ni Robi tu. Nyumba ikiwa na mtoto, hata wa kike, shamba lina mwenyewe.

Marwa akaidaka ile makala kwenye simu yake, akazunguka nayo mji kwa mji. Maneno yake yalikuwa machache: TV imesema. TV imesema mtoto ana baba, na baba ametoka Machochwe, kwa hiyo si mtoto wa nyumba ile. TV imesema Bibi ni jirani. Akataka ukoo ukae. Wazee wakakubali kukaa, baada ya fainali, na hapo katikati sijui wangapi walishaanza kumwitikia Marwa kwa vichwa, maana kitu kikionekana kwenye kioo kinakuwa na uzito wake.

Bibi aliacha kula vizuri. Ghati alikuwa hasemi na mimi. Robi akaniambia jambo moja tu, kwamba hataki kwenda Mwanza kushindana kama mtoto wa jirani.

Bibi ndiye aliyemwambia utakwenda, na mimi nakwenda.

Basi Mwanza hiyo, ukumbini. Mimi na suti yangu ya kijani niliyoolea, Ghati, Bibi na fimbo. Mlangoni mlinzi alitaka kumnyang'anya hiyo fimbo. Akabadili mawazo mwenyewe.

Mazoezi ya asubuhi Ndama alikwenda vizuri. Ikafika saa ya kurusha mubashara, TV wakawasha yale mataa yao. Ndama akaguswa na mwanga, akapoteza mstari, akaanza kuzunguka papo hapo kama kapigwa kichwani. Robi akamwendea mwalimu wake, wakainama, wakaelewa: sensor chini inachanganywa na mataa. Wakaomba yapunguzwe. Wakaambiwa yakipunguzwa, sura ya mgeni rasmi haitaonekana vizuri.

Na kweli, mngelalaje bila kuiona sura ya mgeni rasmi.

Walikuwa na nafasi moja ya kurudia. Robi akaangaza macho, akaja mbio hadi tulipokaa, akamwomba Bibi shuka lake jeusi la begani. Bibi hakuuliza. Akashika pindo kwa meno, akalichana, akampa.

Robi akamzungushia Ndama kile kitambaa upande wa chini, kama sketi, mwanga usipenye. Ukumbi ukacheka, roboti kavaa. Mtangazaji akasema kwenye maiki kwamba huo ni ubunifu wa mavazi.

Ndama akatembea. Mstari wote, kona zote, viboksi vyote mpaka ghalani. Sikujua kama nimesimama mpaka niliposikia suti inachanika kwapani.

Wakashika nafasi ya pili. Ya kwanza ilienda kwa shule moja yenye roboti lililokuja na boksi lake na kitabu cha maelezo, hongera zao.

Sasa ndipo klipu yenu inapoanzia. Mtangazaji kamsimamisha Robi mbele ya kamera, mubashara, akasema kwa furaha kwamba baba yake mzazi, yule aliyetutoa machozi sote, yupo ukumbini. Akanionyesha kwa mkono. Baba, njoo.

Kamera zote zikanigeukia. Nikainamisha kichwa. Hiyo ndiyo stika yenu.

Robi akaiomba ile maiki, akapewa, si wanajua atashukuru wadhamini. Akasema polepole kabisa:

"Yule ni mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu ukimwita baba yangu umemtukana yeye na umemtukana mama. Nyumba yetu ina mwenyewe, na ndiye aliyechana shuka lake hapa mkaona."

Halafu akageukia tulipokaa. Miaka yote Robi humwita yule mama Bibi. Siku ile alisema, "Tata, simama."

Tata kwetu ni baba.

Wakuu, mimi ni mtu wa maneno mengi ila hapo nililia, na dawa ya mafua haikuwepo.

Bibi akasimama, akaenda mbele na lile shuka lililochanika. Mtangazaji, kwa sauti ya kupotea, akauliza kama ni kweli yeye alimuoa mama wa huyu mtoto. Bibi akasema alimuoa, kwa ng'ombe, mchana kweupe. Kisha akaiangalia ile kamera kama anamwangalia mtu.

"Marwa, upo hapo unaangalia? TV ndiyo hii. Imesema."

Tangazo la sabuni.

Ukoo ulikaa kama ulivyopangwa. Marwa akaja na hoja mpya: mambo ya TV siyo ushahidi, TV zinadanganya sana siku hizi, tuziogope. Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa. Shamba liko palepale, na jina la nyumba liko palepale.

Ghati ameanza kusema na mimi. Mke wangu naye, ila suti ya kijani kaifungia.

Nilichojifunza ni kifupi. Ndugu zangu wanahabari, mkija kwetu msiulize baba yuko wapi. Ulizeni ng'ombe walitoka zizi la nani. Na wewe mjomba mwenzangu, mtu akikuambia watazamaji watachanganyikiwa, waache wachanganyikiwe, watapona.

Yule aliyesema Bibi alikuwa amelewa, aje afute kauli hapa chini kabla mhusika hajapata bando. Wengine karibuni, leteni maswali na yaliyowakuta na hizi kamera. La suti sijibu.

Ah, nisisahau. Kituo kimepiga tena, wanataka makala maalumu ya Bibi. Nikamfikishia ujumbe. Akasema waje tu, ila safari hii waje na ulezi wao.