Gunia Langu la Mito

Aibu hii sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu, wengine ndio huwa wananisimulia, sasa acheni leo niiseme mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi tena.

Mwaka huo mvua ilitukimbia huku Dutwa, mahindi yakakauka yakiwa ya magotini, na pamba mnajua hailiwi. Kanisani kwetu kuna stoo ya chakula: mwenye nacho anapeleka, asiye nacho anachukua. Mke wangu akatuandikisha kimya kimya, halafu Jumamosi asubuhi akanipa gunia tupu. "Baba Nkamba, kachukue fungu letu. Watoto jana wamelalia uji." Shida ni kwamba mwaka wa nyuma yake nilimcheka jirani yangu Mzee Masanja kwa kwenda kule kule (nilimwita mkulima wa kanisani, Mungu anisamehe), na njia ya stooni inapita mlangoni kwake.

Basi nikaona nitumie akili. Nikasokomeza kwenye gunia mito yetu minne ya pamba na blanketi, nikashona mdomo, nikalifunga kwenye keria ya baiskeli, ili atakayeniona adhani napeleka msaada, nikifika namwita mtunza stoo pembeni, natoa mito, natia mahindi, nani atajua? Nikasukuma baiskeli nimeinama, nahema, hata kwenye mteremko nahema (hapo ndipo ningejishtukia).

Mzee Masanja alikuwa mlangoni, akanisalimu. "Mwangaluka, baba. Mzigo wote huo wa wapi?"

"Wa stooni, mzee. Kidogo nilichojaliwa."

"Wabeja sana," akanishukuru, akapanda baiskeli yake akatangulia. Nilidhani ana haraka zake, kumbe kaenda kutangaza.

Kufika tu nakuta watu wamesimama wananipigia makofi. Mtunza stoo, Mama Kabula, mama wa miraba minne, akafungua daftari akasema kwa sauti, "Kumbe Baba Nkamba aliandikishwa kimakosa. Mtu ana chakula cha kugawa. Nafuta jina, fungu lake apewe mwingine." Na kalamu anayo mkononi.

Nikawakumbuka wanangu na bakuli zao za uji, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. "Mayu, usifute," nikasema. Akauliza kwa nini. Hakungoja jibu, akaenda kulishusha gunia, akapinda magoti, akajikaza, akavuta kwa nguvu zote, nusura aanguke chali na gunia kifuani. Uzi ukakatika. Mto wenye maua ukadondoka miguuni pa Mzee Masanja.

Mama Kabula akautazama. "Kwenye mizani tumezoea watu kutia mchanga kwenye pamba," akasema taratibu, "ila wa kutia pamba kwenye gunia la mahindi, baba, wewe ni wa kwanza."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Masanja hakucheka. Aliuokota mto, akaukung'uta vumbi, akanikabidhi. "Karibu, mkulima mwenzangu wa kanisani." Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

Jina halikufutwa. Nilirudi na debe la mahindi na michembe ya viazi ya kutosha, na kwa kuwa gunia sasa lilikuwa na kazi yake halisi, mito niliifunga juu, nikapita nayo katikati ya senta nzima watu wakiniuliza kama nimehama. Watoto walishiba siku hiyo.

Nimeapa, njaa ikirudi nitakwenda na gunia tupu begani, mchana kweupe. Mavuno yaliyofuata nilipeleka mahindi ya kweli (Mama Kabula alilichoma gunia bambo mara tatu, zikatoka punje, ndipo akaamini). Wakati natoka nikakutana na mwanaume mmoja nisiyemjua anasukuma baiskeli, gunia limetuna kwenye keria, anahema lakini hana hata tone la jasho.

Nikamsogelea. "Ndugu, mito au blanketi?"

Akatazama chini. "Blanketi."

"Pitia mlango wa nyuma ulitoe kwanza," nikamwambia, "mimi narudi kumpigisha Mama Kabula stori."