Dada Anayepiga Simu za Hapana

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Na ijulikane kwa wananchi wote kwamba katika ghorofa ya nne ya jengo la vioo, mlango mzito unafungwa, ukimya unatanda, na mwanamke mmoja anaketi kutangaza hatima ya mabilioni.

Mlango wenyewe si mzito, umevimba tu kwa unyevu. Chumba ni stoo ya karatasi. Mwanamke ameketi juu ya boksi la wino wa printa, na mabilioni hayo hajawahi kuyatia machoni.

Anasafisha koo, anabonyeza namba.

“Hujambo, kaka? Napiga kutoka kampuni ya mitaji. Ombi lako halikupita. Ni hapana, na pole sana. Haya, sasa niambie, nyumbani hawajambo?”

Hiyo ndiyo kazi yake, na ameifanya kwa miaka sita. Kampuni yao huchukua fedha za wenye nazo na kuziweka kwenye biashara changa, ikiomba Mungu angalau moja ikue hadi ifidie zile zitakazokufa. Kwa mwaka huingia maombi kama elfu moja na mia mbili. Yanayokubaliwa hayazidi tisa.

Hao tisa hupigiwa simu na mkurugenzi mwenyewe, akiwa amesimama dirishani, mkono mmoja mfukoni. Waliobaki wote ni wa mwanamke wa stoo. Wenzake wanamwita Dada Hapana, naye anaitika bila kinyongo.

“Hata mume wangu ananiita hivyo,” anasema. “Tena kabla hajaomba kitu.”

Leo, hata hivyo, utani wake una wasiwasi ndani yake. Mkurugenzi anataka kuanzia mwezi ujao majibu yote yatumwe kwa barua za kompyuta. Simu zinakula siku tisa kila mwezi, anasema, na barua elfu moja zinakwenda kwa kubonyeza mara moja. Dada Hapana atarudishwa mapokezi alikoanzia, kwenye mshahara uliokuwa ukimuaga na kwisha kila tarehe ishirini.

Lakini si mapokezi yanayomuuma.

“Mimi nimewahi kungoja,” anasema, akinyoosha karatasi ya majina mapajani. “Nilipomaliza shule niliomba kazi mahali fulani, wakaniambia tutawasiliana. Mama akawa ananipigia pasi gauni kila Jumapili jioni, ili Jumatatu wakiita nisihangaike. Miezi minane! Gauni likapauka kwa pasi, si kwa kuvaliwa. Hawakuita. Mtu angeniambia tu hapana, mama yangu angepumzika.”

Anakiri kwamba hakuijua kazi hii siku ya kwanza. Simu yake ya kwanza kabisa ilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa na mashine ya kukausha matunda. Kwa kuwa alilelewa vizuri, Dada Hapana alisalimia kama inavyopasa: habari za asubuhi, za watoto, za mguu aliosema unamsumbua, za mvua. Dakika kumi nzima. Yule mama akahesabu moyoni kwamba mtu hawezi kutoa salamu tamu kiasi hicho kisha akakunyima. Akaita nyumba nzima, akaweka simu sauti ya juu.

“Nikasikia vigelegele,” anasema taratibu. “Ikabidi niseme hapana katikati ya vigelegele.”

Tangu siku hiyo, hapana hutangulia na salamu ndefu hufuata. Kisha hutoa sababu moja tu, ya kweli, maana sababu tano ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Kisha hunyamaza. Kunyamaza, anasema, ndiko kulikomchukua miaka miwili kujifunza.

Saa tatu kamili mkurugenzi anaingia. Dada Hapana alimwomba kitu kimoja tu: asikilize simu mbili kabla hajaamua. Ni mtu mrefu, na kiti hakuna, kwa hiyo anakalia rundo la karatasi, magoti yakimfika kidevuni. Mwandishi wa makala haya anajibana kwenye rafu ya bahasha, daftari mkononi, uso umekunjwa kiutu uzima.

Simu ya kwanza inakwenda kwa fundi baiskeli mzee anayetengeneza viti vya magurudumu.

“Shikamoo, baba. Ni kampuni ya mitaji. Ombi lako halikupita, baba. Ni hapana.”

Kimya. Mkurugenzi anatazama saa yake. Dada Hapana anamwinulia kidole: bado.

“Marahaba,” sauti inasema hatimaye. “Kosa langu nini, mwanangu?”

“Viti ni vizuri mno. Ila anayejua kuvitengeneza ni wewe peke yako.”

“Kwa hiyo nikifa?”

“Ndilo swali walilouliza, baba. Wao waliliuliza kwa Kiingereza.”

Mzee anacheka mpaka anakohoa. “Hapo mmenipata. Basi nitafute wa kumfundisha. Lakini ahsante, mwanangu, umenyoosha maneno. Kampuni nyingine iliniandikia barua. Ya adabu kweli! Wamefurahi, wameheshimiwa, wananitakia kila la heri. Jirani akanisomea, akasema nimepata. Nikanunua shati.”

“Pole, baba.”

“Shati lipo. Nitalivaa nikimpata mwanafunzi.”

Simu inakatika. Mkurugenzi anajikuna shingo. Inawezekana kabisa ile barua ya adabu inafanana na aliyoiandaa yeye.

“Huyo ni mmoja,” anasema. “Wa pili?”

Dada Hapana anashuka kwenye orodha. “Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni ya Kuamsha Taifa. Ameomba mtaji wa vitanda vya mabweni vinavyojitikisa vyenyewe saa kumi na moja alfajiri.”

Anabonyeza namba. Simu inaita. Inaita ndani ya stoo, karibu na rafu ya bahasha, mfukoni mwa suruali ya mwandishi wa makala haya.

Hakuna mahali pa kukimbilia katika stoo ya karatasi. Mwandishi anapokea.

“Hujambo, mkurugenzi mkuu,” anasema Dada Hapana, simu sikioni, macho kwa macho, hatua mbili tu katikati yao. “Ombi lako halikupita. Ni hapana. Umekijaribu kitanda kwa mtu mmoja, naye ni kiranja, tena alikuwa macho tayari.”

Kisha ananyamaza. Wasomaji, ni ukimya wa ajabu, maana hauna mzaha wowote wa kujificha nyuma yake.

“Nilikuja kuchungulia ombi langu,” mwandishi anasema mwishowe. “Makala yalikuwa kisingizio. Samahani, dada.”

“Una miaka mingapi?” anauliza mkurugenzi.

“Kumi na sita.”

“Ungepata barua ungefanya nini?”

“Ningeichana, nikawaambia wenzangu nilikuwa natania.”

“Na sasa?”

“Sasa natakiwa nitafute mtu wa pili, aliye usingizini.”

Mkurugenzi anajinyanyua kutoka kwenye karatasi zake na kujipangusa. Anasimama mlangoni kidogo. “Simu zibaki,” anasema. “Na mwezi huu kuna ndiyo moja, ya yule dada aliyeomba mtaji wa vipoza maziwa. Ipige wewe.”

Akishatoka, Dada Hapana anaikunja ile karatasi ya majina, kisha anaikunjua tena. Anataka, anasema, afundishe wasichana wawili wa mapokezi kazi hii, na siku moja apate chumba chenye dirisha. Lakini simu ya ndiyo inamtia kiwewe. Hajawahi kuipiga.

“Ndiyo inaanzaje?” anauliza. “Nisalimie kwanza? Hebu tega sikio, mdogo wangu, nikujaribie.”

Anapiga tena. Mwandishi anapokea tena.

“Hujambo, mkurugenzi mkuu? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo? Ni ndiyo.”

Mwandishi wa makala haya alijua fika kwamba ni majaribio, kwamba kitanda kilikataliwa dakika tano zilizopita, kwamba ile “ndiyo” ni ya dada wa maziwa. Alijiandaa kujibu kwa mzaha.

Anakiri mbele yenu kwamba alisema, “Ahsante sana, dada,” na alimaanisha, na ilibidi ageukie bahasha.